Akiba ya Mshono

Futi yangu ya kitambaa inaishia mia na hamsini.
Nimeizungusha viuno vya nusu ya Kiboriloni:
mabibi harusi, wanakwaya, askari magereza mmoja
aliyetaka suruali imbane asijue imembana wapi.
Kwangu mimi ncha hazikutani.
Juzi usiku nilifunga mlango kwa komeo,
nikaunga futi mbili kwa pini,
nikajipima kama ninavyompima mgeni,
kimya, bila kutaja namba.

Daktari Lyaruu anachora vizuri.
Nyuma ya fomu ya maabara amenichorea matumbo mawili.
La kwanza kalikata wima, sehemu kubwa ikaenda,
kilichobaki chembamba, kirefu.
"Kama mkono wa gauni," akasema, akijua kazi yangu.
Nikamuuliza, na kile kipande?
"Kinatupwa."
Miaka thelathini na mmoja nakata vitambaa vya watu,
sijawahi kutupa kipande kikubwa kuliko ninachoshona.
Hata vibaki vya kitenge navijazia mito.

La pili ni barabara ya mchepuko.
Kifuko kidogo juu, kama yai la kienyeji,
utumbo umepandishwa ukaungwa hapo,
chakula kipite pembeni
kama malori yanavyoukwepa mji.
Tumbo la zamani linabaki ndani, halipokei mgeni.
Maungio mawili. Vidonge kila siku hadi kaburini.
Kwa sukari yangu, anasema, la pili lina nguvu zaidi.
Na kiungulia, kile kinachoniamsha saa nane
nikae kitandani kama mlinzi wa benki,
la kwanza laweza kukichochea.
"Ila la kwanza ni fupi, halina mizunguko.
Nenda kafikirie. Alhamisi unijibu."

Namnyaki wa Sakina alifanya la pili.
Nimempigia. Sauti yake nayo imepungua,
au ni mtandao.
Anasema alikunywa soda nusu kwenye sendofu ya mpwa wake,
jasho likamtoka, moyo ukamkimbia,
akalazwa nyuma ya jukwaa juu ya viti vitatu
huku mshereheshaji anauita ukoo wake ulete zawadi.
Anasema nywele zilinyonyoka, zimerudi.
Anasema siku hizi anafunga kamba za viatu mwenyewe.
Hapo akanyamaza, nami nikanyamaza,
vocha inakwenda.

Elinami anasema niache tu kula wali.
Anasema hivyo akiwa mezani, anausubiri.

Mama ndiye sijamwambia.
Mama ndiye aliyenilisha. Uzazi wa kwanza, miezi mitatu ndani,
mtori asubuhi, mtori jioni,
supu yenye mafuta yanayoelea kama sarafu,
na siku nilipotoka kwenda sokoni, kule Kibosho,
wanawake walinizunguka, wakaniminya mkono,
wakamsifu yeye.
Unene wangu wa kwanza ulikuwa heshima ya mama.
Nitamwambiaje nakwenda kuufumua?

Kata pua uunge wajihi, walisema wahenga.
Hawakusema uzi wa namba ngapi.

Leo nimekaa kwenye cherehani,
gauni la mteja mapajani, limegeuzwa ndani nje.
Sentimita mbili kila upande, nimeziacha mwenyewe.
Mtu hunenepa, mtu hukonda, mtu hubeba mimba;
gauni lisilo na akiba humkana mwenyewe.
Mguu ukasimama juu ya pedali.
Nikaliona lile tumbo la pili, lililoachwa gizani,
halionekani, halitumiki,
lipo.

Basi nikajua. Si kwa ujasiri, ni kwa mazoea ya kazi.
Nimeweka alama kwa chaki kwanza, kama kawaida,
kisha kalamu juu yake.

Halafu nikampigia mama.
"Mwezi ujao uje. Utanipikia mtori."
"Kwani umejifungua tena?" Akacheka hadi akakohoa.
"Upike kidogo, mama. Wa vijiko. Uuchuje sana."

Upande wa pili nikasikia anazima redio.